Nchi ya Buhaya, Watu Wake na Utawala Wake

Walimu wetu huwafundisha watoto habari za nchi za mbali: mito ya Ulaya, milima ya Asia, na wafalme wa mataifa ambayo hawatayaona kwa macho. Hayo ni mema, maana ajuaye habari za wengine hupata kipimo cha kupimia mambo yake mwenyewe. Walakini mara nyingi mtoto aweza kuitaja miji mikuu kumi ya dunia, naye asijue kwa nini migomba yasitawi nyuma ya nyumba ya baba yake, na hatua mia mbali na hapo pana majani matupu. Kwa hiyo twapenda leo kueleza habari za nchi iliyo karibu, nayo ni Buhaya, kwa utaratibu ule ule ambao vitabu vya jiografia hueleza nchi za kigeni: kwanza nchi yenyewe, kisha watu wake, kisha utawala wake. Msomaji ataona ya kuwa mambo hayo matatu yameshikamana, na fundo linaloyashika ni moja tu, yaani kibanja.

NCHI YENYEWE

Buhaya iko upande wa magharibi wa ziwa kubwa la Viktoria, ambalo Wahaya tangu zamani huliita Lweru. Kaskazini yake ni Uganda. Magharibi ni Karagwe, na mbele ya Karagwe ni Rwanda. Kusini ni Biharamulo. Leo nchi hiyo ni sehemu ya Mkoa wa Kagera katika Tanzania, na mji wake mkubwa ni Bukoba. Ijapokuwa mji huo uko karibu sana na ikweta, joto lake si kali, kwa sababu ziwa lenyewe limeinuka yapata mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya nchi vimeinuka zaidi ya hapo.

Msomaji aliye Buhembe, au kando yoyote ya mji wa Bukoba, ajua umbo la nchi hii kwa miguu yake, maana ni shida kwenda safari isiyo na mlima wa kupanda. Toka kaskazini kwenda kusini migongo mirefu ya vilima imelala sambamba na ziwa, na mahali pengi upande wa ziwa umekatika kama ukuta wa mawe. Kati ya mgongo na mgongo mna mabonde yenye vijito na matope. Ukizidi kwenda magharibi wafika bonde la mto Ngono, ambao waenda kaskazini hata kuingia katika mto Kagera. Na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani. Maji yake yatoka katika milima ya Burundi na Rwanda, na wataalamu huzihesabu chemchemi zake za mbali kuwa miongoni mwa chanzo cha mto Nile, ushukao mpaka Misri.

Mvua ya Buhaya ni nyingi kando ya ziwa, nayo hupungua kadiri mtu aendavyo bara. Mjini Bukoba hunyesha yapata milimita 2,000 kwa mwaka, lakini upande wa Karagwe sehemu nyingi hazipati hata nusu yake. Sababu ni hii: hewa itokayo ziwani imejaa maji, inapokutana na migongo ya vilima hulazimika kupanda juu, ikipanda hupoa, na ikipoa huyaacha maji yake. Vilima vya mbele hupata sehemu kubwa, na nchi zilizo nyuma hupata masazo. Mvua kubwa ni ya mwezi wa Machi mpaka Mei. Mvua ya pili huanza Septemba au Oktoba hata Desemba, na wakati huo huja senene, ambao watoto na wazee huwangojea kwa hamu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wageni wengi hawalielewi. Mtu hudhani kwamba penye mvua nyingi pana rutuba nyingi. Sivyo daima, wala sivyo hapa. Mwamba wa nchi hii mahali pengi ni jiwe la mchanga, na udongo utokanao na jiwe hilo ni mwepesi na maskini. Tena mvua ile ile iletayo uhai huoshea chini chakula cha mimea, mahali ambapo mizizi haifiki. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya Buhaya ni rweya, yaani nyika ya majani mafupi, yenye mawe hapa na pale. Rweya yafaa kwa malisho, kwa kukata majani ya kuezekea na kutandika, na kwa vijishamba vidogo vya msimu mmoja, ambavyo baadaye huachwa miaka mingi ili nchi ipumzike.

Lakini katikati ya rweya hiyo vimo vijiji vya migomba kama visiwa vya kijani. Ndani yake udongo ni mweusi, mnene, na wenye ubaridi. Juu pana kivuli cha migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna maharage na majimbi. Mgeni akiona hivyo husema kwamba wenyeji walichagua mahali penye udongo mwema wakajenga. Ukweli ni kinyume chake. Wataalamu waliopima udongo wa kibanja na udongo wa rweya jirani yake wameona ya kuwa asili yao ni moja. Tofauti iliyopo imeletwa na mikono ya watu.

Ililetwaje? Mchana ng'ombe walilishwa rweyani, na usiku walilala nyumbani. Majani waliyoyala huko yakawa samadi hapa. Majani yalikatwa rweyani yakatandikwa ndani ya nyumba ya msonge. Yalipochakaa yalitolewa na kutandazwa chini ya migomba. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, makumvi ya pombe, majani ya migomba yenyewe, vyote vilirudishwa shinani. Hivyo rutuba iliyotawanyika juu ya nyika kubwa ilihamishwa kidogo kidogo, kwa miguu ya ng'ombe na kwa vichwa vya wanawake, ikakusanywa mahali padogo. Kazi hiyo haikuwa ya mwaka mmoja wala ya mtu mmoja. Baba alimwachia mwana, naye mwana akamwachia mjukuu. Basi kibanja ni akiba iliyowekwa na mababu, na kama akiba nyingine zote, kikitolewa bila kuwekewa huisha.

WATU

Wahaya ni Wabantu, na lugha yao ya Kihaya ni ndugu ya Kinyankole na Kinyoro za Uganda. Msemo hutofautiana kidogo kwa kila nchi: Kiziba kina msemo wake, Ihangiro nayo ina wake, na kadhalika, lakini husikilizana. Wanyambo wa Karagwe ni jirani na jamaa zao wa karibu.

Watu wamekaa katika nchi hii tangu zamani sana. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wachimbuzi wa mambo ya kale wameona mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa yapata miaka elfu mbili. Basi mtu asemaye kwamba maarifa yote yaliletwa na wageni ajibiwe kwa habari ya tanuri hizo, maana moto wake ulikuwa umekwisha kuwashwa kabla meli yo yote ya Ulaya haijafika katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Wahaya wamegawanyika katika koo nyingi, na kila ukoo una mwiko wake, ambao kwa Kihaya huitwa muziro: mnyama, samaki, au kitu kingine ambacho watu wa ukoo huo hawali wala hawakigusi. Watu wa muziro mmoja ni ndugu, hata kama wakaa mbalimbali, wala hawaoani.

Chakula chao kikuu ni ndizi za kupika, na kinywaji chao cha heshima ni lubisi, pombe itengenezwayo kwa ndizi. Kahawa ilikuwapo huko kabla ya Wazungu, lakini haikuwa ya kusaga na kunywa. Buni zilichumwa mbichi, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, na mgeni akipewa chache mkononi azitafune. Tunda moja la buni lina punje mbili zilizokumbatiana. Kwa hiyo watu wawili walipotaka kufanya udugu, waligawana punje hizo, kila mmoja akala yake. Kwa habari ya mibuni yenyewe, kuipanda hakukuwa huru kwa kila mtu. Idhini ya Mukama ilitakiwa. Jambo hilo tulikumbuke, maana litarudi mbele.

Katika kibanja ndimo mlimokuwa na nyumba, na ndimo walimozikwa wazee. Mtu alipokufa, kibanja kilirithiwa na wanawe, na yule mrithi mkuu, aitwaye musika, alipata sehemu iliyo kubwa pamoja na nyumba. Kwa sababu makaburi ya mababu yalikuwa chini ya migomba hiyo, kuuza kibanja cha ukoo kwa mtu wa nje kulihesabiwa kuwa aibu, na ndugu walikuwa na haki ya kukikomboa. Mabinti waliweza kukitumia maisha yao, lakini kukiuza hawakuruhusiwa.

UTAWALA WA BAKAMA

Buhaya haikuwa nchi ya mfalme mmoja. Zilikuwako enzi kadhaa, na kila moja ilikuwa na Mukama wake: Kiziba upande wa kaskazini, Bugabo na Kyamtwara karibu na Bukoba, Kanyangereko yenye makao Maruku, Kihanja, na Ihangiro, ambayo leo ni nchi ya Muleba. Magharibi ilikuwako Karagwe, nayo ni maarufu kwa wasafiri, maana Mukama Rumanyika aliwapokea Waingereza Speke na Grant katika mwaka 1861. Ng'ambo ya mto Kagera iko Missenyi.

Bakama wa Karagwe, Ihangiro na Kihanja walikuwa Bahinda, yaani wa uzao wa Ruhinda, ambaye masimulizi humtaja kuwa mwanzilishi wa enzi hizo. Bakama wa Kiziba walikuwa Babito, ambao asili yao ni Bunyoro. Bugabo na Kyamtwara zilitawaliwa na ukoo wa Bankango. Alama ya enzi ilikuwa ngoma. Mtu aliyetawazwa husemwa kwamba amekula ngoma. Chini ya Mukama alikuwako katikiro, aliye mkuu wa washauri, kisha wakuu wa sehemu, kisha bakungu, waliosimamia vijiji. Vijana walipelekwa ikulu wakae huko kwa zamu, wafunzwe utii, adabu na vita, na wale waliopendeza walirudi na vyeo.

Mukama alihesabiwa kuwa mwenye nchi yote. Lakini tumekwisha kuona kwamba nchi tupu ya Buhaya ni rweya, nayo thamani yake ni ndogo. Thamani ilikuwa katika vibanja, na vibanja vilifanywa na wakulima. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo limesumbua utawala wa nchi hii kwa zaidi ya miaka mia: kibanja ni cha nani? Je, ni cha yule aliyegawa nchi, au ni cha yule aliyeifanya nchi kuwa udongo?

NYARUBANJA

Swali hilo lilionekana wazi katika mambo ya nyarubanja. Mukama alipotaka kumtuza ndugu yake, au mkuu aliyemtumikia vema, alimpa kundi la vibanja pamoja na watu waliokuwa wakikaa humo. Mwenye kupewa aliitwa mtwazi, na wale waliokaa chini yake waliitwa watwarwa. Jana mtu alikuwa mwenye kibanja cha baba yake; leo aliambiwa kwamba yeye ni mpangaji wa bwana fulani, ampelekee sehemu ya pombe na ndizi, na amfanyie kazi siku kadhaa. Mtwazi mwema aliwalinda watu wake, akawasemea mbele ya Mukama. Mtwazi mbaya aliweza kumfukuza mtu katika udongo uliofanywa na babu yake.

Katika zamani za kale mzigo huo ulikuwa na kipimo, kwa kuwa mtwazi hakuweza kunywa pombe yote aliyoletewa, na mtwarwa aliyeonewa aliweza kuhamia kwa Mukama mwingine. Kipimo hicho kilivunjika ilipokuja biashara ya kahawa. Wadachi walijenga boma Bukoba tangu mwaka 1890, alipofika Emin Pasha, nao walitawala kwa mikono ya Bakama. Kahigi wa Kihanja alikuwa rafiki yao mkubwa, na nguvu zake zikazidi. Mibuni, ambayo zamani ilipandwa kwa idhini, sasa iliagizwa kupandwa kwa wingi, na kila mti ukawa fedha. Basi vibanja vilivyokuwa na thamani ya chakula vikawa na thamani ya mali, na wakubwa wengi wakatamani nyarubanja mpya.

Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliushambulia mji wa Bukoba kutoka ziwani, na baada ya vita nchi ikawa chini yao. Nao pia walitawala kwa Bakama na baraza zao, na kazi na vinywaji vya mtwarwa vikageuzwa kuwa kodi ya fedha. Kodi ya fedha ni nyepesi kuhesabu, lakini haina shibe. Kwa hiyo manung'uniko hayakwisha. Wahaya waliosoma hawakunyamaza. Mwaka 1924 Klemens Kiiza na wenzake walianzisha chama cha Bukoba Bahaya Union ili kutafuta maendeleo ya watu, nao wakulima wakaanza kutafuta njia ya kuuza kahawa yao wenyewe. Mwaka 1937, amri za kilimo cha kahawa zilipotolewa kwa nguvu bila watu kuridhishwa, zilitokea ghasia. Mwaka 1950 Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa Bukoba kiliandikishwa, na mkulima akapata mahali pa kupeleka kahawa yake pasipo kupitia kwa mchuuzi.

MFANO WA JAPANI

Ili tuone ya kuwa jambo hili si la Buhaya peke yake, tutazame nchi moja ya Asia ya Mashariki, nayo ni Japani. Japani ni nchi ya visiwa, na vilivyo vikubwa ni vinne: Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu. Yapata sehemu tatu katika nne za nchi hiyo ni milima, na mashamba yake ni machache. Wakulima wa kale wa Japani walifanya kama walivyofanya mababu wa Wahaya: walikata majani na matawi vilimani wakayatia katika mashamba ya mpunga yaliyo bondeni, hata udongo ukaweza kulisha watu wengi.

Huko nako walikuwako watawala wengi wa nchi ndogo ndogo, walioitwa daimyo. Mwaka 1868 enzi ya mfalme mkuu ilirudishwa, na mwaka 1871 nchi za daimyo zilifutwa, zikawa majimbo ya serikali moja. Lakini kufuta watawala hakukumaliza shida ya mkulima. Mpaka vita vya pili vya dunia karibu nusu ya mashamba ya Japani ililimwa na wapangaji, na wengi wao walimpa mwenye shamba yapata nusu ya mpunga wao. Kuanzia mwaka 1946 sheria mpya zilitungwa: serikali ilinunua mashamba kwa wenye nchi na kuwauzia wale waliokuwa wakiyalima. Katika miaka michache sehemu iliyolimwa na wapangaji ilipungua hata kufika yapata moja katika kumi. Na kwa katiba ya mwaka 1947 mfalme wao alibaki kuwa alama ya taifa, bila mamlaka ya kutawala.

Twajifunza nini? Twajifunza ya kuwa kuna mambo mawili yaliyo mbalimbali: nani atawala nchi, na nani ashika udongo. Serikali yaweza kubadilika kwa siku moja, na mpangaji akaendelea kulipa kama jana.

MABADILIKO BAADA YA UHURU

Ndivyo ilivyokuwa Buhaya. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalikoma katika nchi yote. Ngoma za Bakama zikanyamaza, na mahali pa katikiro na bakungu wakashika watumishi wa serikali na halmashauri za kuchaguliwa. Walakini nyarubanja haikufa siku ile. Ilitakiwa sheria yake yenyewe, nayo ilitungwa mwaka 1965, ikafuatwa na nyingine mwaka 1968. Kwa sheria hizo upangaji wa namna hiyo ulikomeshwa, na aliyekuwa akikaa na kulima akahesabiwa kuwa mwenye kibanja.

Jina la mkoa nalo lilibadilika. Zamani uliitwa Ziwa Magharibi. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaishika nchi iliyo ng'ambo ya mto na kulivunja daraja la Kyaka. Baada ya vita hivyo, katika mwaka 1979, mkoa ulipewa jina la Kagera. Leo una mkuu wa mkoa, na chini yake wilaya, tarafa, kata na vijiji. Bukoba mjini ni manispaa, na Buhembe ni mojawapo ya kata zake. Enzi za kale zaonekana bado katika majina ya mahali, lakini mamlaka hazinayo.

Kisha swali la zamani likaulizwa kwa namna mpya. Ikiwa kibanja ni cha aliyekitunza, mwanamke je? Maana majani mengi yaliyotandazwa chini ya migomba yalibebwa na wanawake. Bibi mmoja wa Buhaya alirithi shamba kwa wasia wa baba yake, na mwaka 1988 aliliuza. Ndugu wa ukoo akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa desturi ilimkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo. Kesi ilipanda hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua ya kuwa, kwa mujibu wa katiba, mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume, na kwa masharti yale yale. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaithibitisha haki ya mwanamke kupata, kushika na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Twajua ya kuwa vijijini kuna wazee ambao bado hawajaridhika na hukumu hiyo. Twawaomba wafikiri: aliyeujenga udongo ni nani?

HATARI YA SASA

Basi, baada ya miaka mingi, mkulima wa Buhaya ameshinda katika swali la haki. Walakini haki ya kushika udongo haina faida ikiwa udongo wenyewe umekufa, na leo kibanja kina adui watatu.

Adui wa kwanza ni kupungua kwa samadi. Maradhi ya sotoka yaliyoenea Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 yaliua ng'ombe wengi sana, na leo nyumba nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Tena rweya nyingi zimegeuzwa mashamba ya miti au viwanja vya nyumba, na majani ya kutandaza yamekuwa haba. Lakini magunia ya ndizi na kahawa yaendelea kutoka kibanjani kwenda sokoni, wala hayarudi. Hii ndiyo akiba itolewayo bila kuwekewa.

Adui wa pili ni kugawanya. Kibanja kilichotosha nyumba moja chagawanywa kwa wana wanne, kisha kwa wajukuu, hata kila mmoja abaki na migomba ya kuhesabu kwa vidole. Ndugu walio na busara hukubaliana mmoja akae na kulitunza shamba, na wengine wapewe fidia au wasomeshwe kazi nyingine.

Adui wa tatu ni mnyauko wa migomba, ulioonekana Kagera mwaka 2006. Ugonjwa huu waletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Majani hugeuka rangi ya manjano na kulegea kana kwamba yamebabuliwa na moto. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani waona rangi ya kutu. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Dawa ya kunyunyizia haiko. Lakini njia ya kujikinga iko, nayo haina gharama. Mara tu mkungu ukiisha kutoa kichana chake cha mwisho, vunja ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini, kwa kijiti chenye panda, wala usilikate kwa kisu. Maana nyuki na wadudu wengine huchukua vijidudu katika ua hilo, na kisu hupeleka ugonjwa toka mgomba hata mgomba. Panga na jembe visafishwe kwa moto au kwa dawa ya kuondolea madoa kabla ya kuingia katika shamba jingine. Mgomba ulioshikwa na ugonjwa uondolewe. Usichukue mche wa kupanda katika shamba usilolijua. Watu wa utafiti wa kilimo walioko Maruku wanazo habari zaidi.

Twawakumbusha viongozi wa vijiji habari ya mwaka 1937. Amri njema isiyoelezwa huonekana kuwa dhuluma. Mwenye kibanja akiambiwa tu, "Ng'oa migomba hii," ataona ya kuwa anapokonywa urithi wake. Akielezwa sababu, na jirani zake wote wakifanya vivyo hivyo siku moja, atang'oa kwa mkono wake mwenyewe. Tena shamba moja lililoachwa bila kusafishwa laweza kuharibu kazi ya kijiji kizima.

Na ninyi walimu, siku mtakapofundisha jiografia ya nchi za mbali, wachukueni watoto nje kwanza. Wachimbe kidogo penye rweya, kisha wachimbe penye kibanja, waziweke konzi mbili za udongo juu ya meza moja, watazame rangi zake. Kisha waulizeni ni nani aliyefanya tofauti ile, na ni nani atakayeilinda.